Picha zikae siku ngapi? Namna ya kuchagua mfumo wa kurekodi kamera za biashara ndogo

Mwenye duka anayekwenda Kariakoo kununua kamera za ulinzi huulizwa mambo mawili: anataka kamera ngapi, na za megapikseli ngapi. Akishajibu anatajiwa bei ya seti nzima, rekoda na diski vikiwemo. Fundi anakuja, anatoboa ukuta, anavuta waya, na jioni ile ile picha zinaonekana kwenye simu. Linaloachwa bila kuulizwa ndilo zito kuliko yote: picha hizo zikae siku ngapi kabla hazijafutwa?

Maana zinafutwa. Rekoda ya kawaida, diski yake ikijaa, huandika picha mpya juu ya zile za zamani kuliko zote. Haitoi taarifa wala haiombi ruhusa. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na kamera nane zinazofanya kazi vizuri, akaibiwa, na akakosa hata dakika moja ya tukio lenyewe, kwa kuwa tukio ni la wiki tatu zilizopita na diski yake ina uwezo wa siku tano.

Nataka tuutazame mfumo kuanzia upande huo wa kuhifadhi, kwa kuwa ndiko fedha za mfanyabiashara mdogo zinakopotea. Kamera nzuri zipo tele sokoni. Mfumo wa kukusaidia siku ya shida hupatikana kwenye rekoda, kwenye diski, kwenye umeme unaovilisha vyote viwili, na kwa mtu anayejua neno la siri.

Hasara yako hugundulika lini?

Tuchukue biashara mbili zinazopakana. Ya kwanza ni kibanda cha wakala wa miamala ya simu. Hapo hesabu hufungwa kila jioni. Floti na fedha taslimu visipolingana, wakala anajua usiku huo huo. Mteja anayedai amepunjwa hurudi siku ile ile au kesho yake. Wiki mbili za picha zinamtosha wakala huyu, pengine hata siku chache.

Ya pili ni duka la vifaa vya ujenzi. Lina kaunta mbele, stoo nyuma, na uwanja ambapo malori hushusha saruji na nondo. Mifuko kumi ya saruji ikipotea wakati wa kushusha, hakuna atakayejua siku hiyo. Itajulikana mwisho wa mwezi mzigo ukihesabiwa, na hata hapo mwenye duka atatumia siku mbili tatu kurudia hesabu na kupekua risiti kabla hajakubali kwamba ameibiwa. Duka hilo linahitaji siku 35 kwa uchache. Anayehesabu mzigo kila baada ya miezi mitatu itambidi anunue diski kubwa mno, au aanze kuhesabu kila mwezi. Mimi ningemshauri ahesabu kila mwezi, na si kwa ajili ya kamera peke yake.

Idadi hiyo ya siku ndiyo inayoamua ukubwa wa diski, na hesabu yake si ngumu. Kila kamera hutoa data kwa kasi inayopimwa kwa megabiti kwa sekunde. Megabiti 1 kwa sekunde, ikirekodiwa saa 24 bila kukatika, ni GB 10.8 kwa siku. Ishike namba hiyo, maana ukiwa nayo unaweza kukagua mwenyewe chochote utakachoambiwa na muuzaji. Kamera ya megapikseli 4 inayobana picha kwa H.265, mojawapo ya njia za kupunguza ukubwa wa data, inaweza kutoa picha safi kwa megabiti 2 hivi kwa sekunde, ikipiga fremu (picha moja moja) 15 kila sekunde. Kamera nne za namna hiyo ni megabiti 8, yaani GB 86.4 kwa siku. Diski ya GB 500 itajaa kabla ya siku sita kwisha. TB 1, yaani GB 1,000, inachukua siku 11 na nusu, TB 2 siku 23. Duka letu la vifaa vya ujenzi, kwa siku zake 35, litatumia TB 3 na kidogo, kwa hiyo linunue diski ya TB 4.

Hesabu hiyo hubadilika sana kwa kitu kimoja ambacho wengi hawakigusi: aina ya ubanaji wa picha. H.264 ilitoka mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, na hiyo mpya huhitaji takribani nusu ya data kwa picha ya ubora ule ule. Rekoda yenye uwezo wa H.265 ikiachwa kwenye H.264, diski ile ya TB 4 inakuwa na siku 23 badala ya 46. Ni suala la kuingia kwenye mipangilio ya kila kamera na kubadili mstari mmoja. Hali kadhalika fremu 25 kwa sekunde ni za kupendezesha macho tu. Kwa kaunta ya duka fremu 15 zinaonyesha vizuri kabisa mkono ukiingia kwenye droo ya pesa.

Wapo watakaokushauri urekodi pale tu panapotokea mwendo, ili kuokoa nafasi. Nafasi itaokolewa kweli, hasa stoo ambako watu hawaingii mara kwa mara. Lakini kamera za nje usiku huwasha taa za infraredi, mwanga ambao jicho halioni ila kamera inauona, na utando wa buibui mbele ya lenzi hung'aa mweupe kwa mwanga huo na kuchezacheza na upepo usiku kucha. Rekoda inaona mwendo saa zote na kuokoa huko kunatoweka. Kwa upande mwingine, tukio lililoanza taratibu pembeni mwa picha linaweza kukosa sekunde zake za mwanzo, na mara nyingi hizo ndizo zenye sura ya mtu. Ushauri wangu: kaunta na uwanja wa kushushia mzigo zirekodiwe moja kwa moja, saa zote za kazi, stoo na ujia zifuate mwendo. Kamera za nje zifutwe utando kila baada ya wiki kadhaa kwa fagio la kawaida.

Diski yenyewe nayo iangaliwe kabla ya kununuliwa. Diski za kompyuta za mezani hazikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana. Seagate, kwa mfano, inazikadiria diski zake za BarraCuda za mezani kwa saa 2,400 za kazi kwa mwaka na TB 55 za data, wakati SkyHawk, ambazo ni za kamera, zinakadiriwa kwa saa 8,760, ambazo ni mwaka mzima bila kuzimwa, na TB 180. Western Digital wana WD Purple kwa kazi hiyo hiyo. Sokoni zipo diski zilizotumika, zikafutwa vumbi na kuuzwa kama mpya. Rekoda nyingi zina ukurasa wa afya ya diski, unaoonyesha jumla ya saa ambazo diski hiyo imewahi kuwashwa tangu itoke kiwandani. Mpya itakuwa na saa chache sana. Ukiona 20,000, umeuziwa diski iliyokwisha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili.

DVR, NVR na kadi

Majina haya huwachanganya watu bila sababu kubwa. DVR hupokea picha kutoka kwa kamera za analogi kupitia waya wa koaksi, ule unaofanana na wa antena ya televisheni, kisha yenyewe ndiyo inayozibana na kuzihifadhi. NVR hupokea data ambayo kamera imeshaibana, kupitia waya wa mtandao. Kamera ya NVR ni kompyuta ndogo yenye anwani yake. Kamera ya DVR ni jicho tu, na akili iko kwenye rekoda.

Kwa biashara ndogo, kinachotofautisha hivi viwili hasa ni waya. Kamera ya analogi huhitaji waya wa picha na waya wa umeme wa volti 12. Kamera ya NVR inayotumia PoE hupata umeme na kupitisha picha kwenye waya mmoja wa mtandao. Kiwango cha kawaida cha PoE hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, zaidi ya mahitaji ya kamera nyingi za dukani. Waya huo una mpaka wa mita 100 kutoka swichi ya mtandao (kifaa chenye matundu ya kuunganishia nyaya hizo) hadi kamera. Koaksi huenda mbali zaidi ya hapo bila kifaa cha katikati, na ndiyo sababu ghala refu au yadi ya mbao bado inaweza kufaidika na analogi.

Ukiwa na duka jipya ambalo ukuta wake bado haujapigwa lipu, nunua NVR yenye PoE. Waya ni mmoja, usafi ni mkubwa, na ukitaka kuongeza ubora baadaye unabadilisha kamera tu. Ukiwa na duka lenye koaksi nzima ndani ya kuta, usizing'oe. Zipo rekoda mseto, mafundi huziita XVR, zinazopokea aina kadhaa za picha za analogi na pia kamera chache za mtandao. Unabadilisha rekoda na kamera, waya zinabaki, na fedha uliyookoa inakwenda kwenye diski na betri.

Kuna imani moja inayowagharimu watu: kwamba NVR haifanyi kazi bila intaneti. Inafanya kazi. Waya wa mtandao unaounganisha kamera na rekoda ni wa ndani ya jengo lako. Intaneti inahitajika tu unapotaka kutazama ukiwa mbali.

Kabla ya kulipia waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Waya mzuri ni shaba tupu hadi katikati. Waya wa bei rahisi una utando mwembamba wa shaba juu ya alumini, na ukiukwangua unaona weupe. Alumini hupitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba, volti hupungua njiani, na matokeo yake ni tatizo ambalo mafundi wengi hulihangaikia: kamera inayofanya kazi mchana na kuzimika usiku. Usiku taa za infraredi huwaka, kamera inavuta umeme mwingi zaidi, na waya dhaifu haufikishi. Mwenye duka anabadilisha kamera mara mbili, wakati kosa liko ukutani.

Kwa kibanda cha wakala chenye chumba kimoja, rekoda inaweza isihitajike kabisa. Kamera moja ya waifai yenye kadi ya kumbukumbu ndani yake inatosha, mradi uijue mipaka yake. Kwa megabiti 2 kwa sekunde kadi ya GB 64 inashika siku tatu, ya GB 128 inakaribia siku sita. Tafuta kadi iliyoandikwa kwamba ni ya kurekodi muda mrefu, kwa kuwa kadi ya kawaida ya simu huchoka haraka ikiandikwa mfululizo. Na kamera ikibebwa, kadi imebebwa.

Neno moja kuhusu lenzi, kwa kuwa linagusa diski moja kwa moja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo ili mtu usiyemjua aweze kutambulika kwa sura. Kamera nyingi za seti huja na lenzi ya milimita 2.8, inayoona pembe ya nyuzi 100 hivi. Umbali wa mita 5, upana unaoonekana ni kama mita 12, na hata kamera ya megapikseli 4, yenye pikseli 2,560 kwa upana, inabaki na pikseli 213 kwa mita. Lenzi ya milimita 6 kwa umbali huo huo inaona upana usiofika mita 5, na kamera ya megapikseli 2 yenye pikseli 1,920 inapata karibu 400. Kwa hiyo mlangoni weka lenzi nyembamba, iliyoelekezwa usawa wa uso wa mtu anayeingia. Itakupa sura bora kwa data ndogo kuliko kamera ya bei kubwa iliyobandikwa darini, inayorekodi upara na kofia za watu.

Umeme

Mfumo ambao haukupangiwa umeme una pengo saa ile ile mwizi anayoipenda. Anayefanya biashara Tanzania hahitaji kuelezwa kuhusu kukatika kwa umeme. Wapo pia wanaoamka na kukuta uniti za LUKU zimekwisha usiku. Nyuma ya duka kuna jambo rahisi kuliko yote: mtu anayejua mita yako ilipo anaweza kushusha swichi kuu kwanza.

Rekoda ya kamera nne yenye diski moja, pamoja na kamera zenyewe, hutumia kama wati 40. UPS ndogo ya kompyuta, yaani kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650 kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na saa-ampia 7, jumla yake wati-saa 84, na sehemu kubwa ya hizo hupotea katika kubadilisha umeme. Tegemea dakika arobaini hadi saa moja betri ikiwa mpya, pungufu ya hapo baada ya mwaka. Hiyo inatosha kuvuka katizo dogo na kuilinda diski dhidi ya kuzimwa ghafla, jambo linaloharibu faili na hatimaye diski yenyewe. Haitoshi kuvuka usiku.

Anayetaka usiku kucha aangalie betri kubwa. Betri ya volti 12 na saa-ampia 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake ili isife mapema, na ukiacha kiasi cha kupotea kwenye inveta, una saa kumi na mbili hivi kwa mzigo wa wati 40. Ukiongeza paneli ya sola juu ya bati, mfumo unajitegemea. Najua gharama hiyo inamshtua mtu mwenye duka dogo. Hata hivyo, kama fedha ni za kamera sita bila betri au kamera nne zenye betri, chukua nne.

Kumbuka na ruta. Watu huweka rekoda kwenye betri na kuacha ruta ukutani, kisha umeme ukikatika wanashangaa simu haionyeshi kitu. Usishindwe pia kuweka kinga ya mshtuko wa umeme kabla ya rekoda, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo adapta na bodi huungua.

Kuhifadhi mtandaoni

Kampuni nyingi sasa zinauza huduma ya kuhifadhi picha kwenye seva zao kwa malipo ya mwezi. Faida yake ni ya kweli: mwizi akiondoka na rekoda, picha zimebaki. Lakini tazama hesabu. Kamera zetu nne kwa megabiti 8 kwa sekunde zingepandisha GB 86 kila siku, zaidi ya TB 2.5 kwa mwezi. Ni vigumu kupata bando la simu la biashara ndogo linalobeba hayo, na hata penye faiba lazima uulize kasi ya kupandisha, ambayo mara nyingine ni ndogo kuliko ya kushusha.

Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Aliyekuwa na rekoda dukani aliendelea kurekodi kama kawaida. Aliyetegemea seva za ng'ambo peke yake alikuwa na kamera zisizo na pa kupeleka picha.

Kinachofaa ni mchanganyiko: rekoda dukani ihifadhi kila kitu, na vipande vya matukio tu, sekunde kumi au ishirini za mtu aliyeonekana baada ya kufunga, vipandishwe mtandaoni. Hicho kiasi kidogo hata mtandao wa simu unakibeba. Mwizi akija usiku, kipande cha sura yake kitakuwa kimeshaondoka kabla hajaifikia rekoda.

Na rekoda yenyewe isikae chini ya kaunta, mahali ambapo kila mtu huitafuta. Ifungwe kwenye kisanduku cha chuma chenye matundu ya hewa, juu ya dari au ndani ya chumba kingine. Joto ni adui wa diski, kwa hiyo kabati lililofungwa kabisa chini ya bati si mahali pake. Mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, chumvi ya hewani hula viunganishi; sanduku la nje lenye mpira wa kuzuia maji linahitajika hata kama mvua haifiki hapo.

Nani anajua neno la siri

Mwezi Septemba na Oktoba 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera za mtandao, rekoda na ruta kwa maelfu duniani kote. Haikutumia ujanja mkubwa. Ilijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani, na wenye vifaa hawakuwa wameyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji kwenye anwani za tovuti nyingi, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa, hasa Marekani. Mwaka 2021 kosa la kiusalama liligunduliwa katika kamera nyingi za Hikvision, kampuni kubwa ya China, lililomwezesha mtu wa mbali kuzitawala bila neno la siri; kampuni ikatoa programu ya kurekebisha, na aliyeisakinisha alipona. Mwezi Machi mwaka huo huo wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa Verkada, kampuni ya Marekani inayohifadhi picha mtandaoni, wakaweza kuona kamera kama 150,000 za wateja wake. Jina kubwa au nchi ya kutengenezwa havikumkinga mtu.

Kwa duka la kawaida hatari iliyo karibu zaidi ni ya nyumbani. Fundi anapofunga mfumo huunganisha rekoda na akaunti ya programu ya simu, na kwa haraka hutumia akaunti yake mwenyewe, kisha anakugawia ruhusa ya kutazama. Kuanzia siku hiyo mwenye mfumo ni yeye. Akibadilisha namba, akihama mji, au mkikosana kwa bei, umefungiwa nje ya kamera zako. Fungua akaunti kwa barua pepe na namba yako kabla hajaja, na skani mwenyewe alama ya QR iliyo kwenye rekoda.

Vivyo hivyo kwa wafanyakazi. Meneja anayehitaji kutazama kaunta apewe jina lake la kutumia, lenye ruhusa ya kutazama pekee. Neno la siri la msimamizi, lile linaloweza kufuta picha na kubadili tarehe, libaki kwako na kwa mtu mmoja wa familia unayemwamini. Picha inayoweza kufutwa na mtu anayeshukiwa haimshtaki mtu.

Saa, na mkono wa sheria

Rekoda nyingi zinazotoka China huja na saa za Beijing, ambazo zipo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Wapo wanaozitumia hivyo hivyo kwa miaka. Siku ya tukio, shahidi anasema aliona watu saa mbili usiku, rekoda inasema saa 01:00 ya siku inayofuata, na wakili wa upande wa pili ana kazi nyepesi. Weka ukanda wa saa wa GMT+3 na uiruhusu rekoda ijirekebishe kwa intaneti. Unapoandika maelezo ya polisi, andika namna zote mbili: saa mbili usiku, 20:00 kwenye rekoda.

Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na katika kupima uzito wake kinaangalia namna data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi uhalisi wake ulivyolindwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi nakala ilivyopatikana. Kwa maneno ya dukani: usiipige picha skrini ya rekoda kwa simu na kuituma WhatsApp, ukidhani umehifadhi ushahidi. Funga kipande hicho kwenye rekoda kisiandikwe juu yake, kinakili kwenye flashi katika muundo wake wa asili pamoja na programu ya kukichezea, tengeneza nakala mbili, na andika tarehe, saa, jina la aliyenakili na aliyekabidhiwa.

Picha za wateja na wafanyakazi ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya taarifa hizo wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na kanuni zake za usajili za 2021 zinataja uendeshaji wa CCTV miongoni mwa shughuli ambazo msamaha wa biashara ndogo hauzihusu. Bandika tangazo mlangoni kwamba pana kamera. Usiweke kamera chooni wala chumba cha kubadilishia nguo, hata kama ndiko unakoshuku mali inafichwa. Maikrofoni izimwe kabisa, ndilo pendekezo langu: mazungumzo ya mteja na mfamasia kuhusu ugonjwa wake hayakusaidii kumkamata mwizi.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwambie tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi kazi ipite majaribio, na umtajie majaribio yenyewe. Siku ya pili baada ya kufunga, mwombe akuonyeshe picha ya kaunta ya jana saa 20:00, akiitafuta kwenye rekoda mbele yako, na uhakikishe sura ya muuzaji inatambulika. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, mkae mkisubiri hadi UPS iishe, mkiandika dakika. Umeme ukirudi, rekoda iwake na kuendelea kurekodi bila mtu kuigusa. Afungue ukurasa wa diski usome siku ngapi zinakadiriwa na saa ngapi diski imekwisha kufanya kazi. Anakili kipande cha dakika mbili kwenye flashi, nawe ukakifungue kwenye kompyuta nyingine. Mwisho abadilishe neno la siri mbele yako, wewe ukiliandika mwenyewe kwa mkono wako, kisha umalizie malipo yake.